Shajara ya mradi: filamu ya mashua ya Matondoni, sikwensi ndani ya sikwensi

Filamu ina dakika 22 na inaonyesha mashua moja ikiundwa Matondoni, kisiwani Lamu, tangu mkuku (uti wa chini wa mashua) kulazwa hadi chombo kushuliwa majini. Shajara hii inahusu uhariri peke yake: jinsi mradi ulivyopangwa katika Premiere Pro, programu ya kuhariri video, kwa kupachika sikwensi (klipu zilizopangwa kwa mfuatano kwenye taimulaini, yaani mstari wa wakati) ndani ya sikwensi nyingine. Sikwensi inayobeba filamu nzima tunaiita mama, na zile zilizopachikwa ndani yake tunaziita wana. Hatua za kawaida zimefupishwa. Mwenye kutaka kunakili mpango huu asome kwanza ingizo la 9 Februari, hasa kama filamu yake itatoka kwa urefu zaidi ya mmoja.

12 Januari. Folda, majina na diski

Picha zimetoka sehemu tatu: kamera A yenye 4K (3840 × 2160) kwa fremu 25, kamera B yenye 1920 × 1080 kwa fremu 50 kwa ajili ya mwendo wa polepole, na simu. Sauti ya mazungumzo ilinaswa kwa kinasa cha pembeni, kilohertzi 48. Filamu nzima ni ya fremu 25 kwa sekunde kwa sababu umeme wetu ni wa hertzi 50. Ukirekodi fremu 30 chini ya taa za mirija au za LED za bei nafuu, picha huweza kupepesa, na mahojiano mengi yalifanyika ndani ya nyumba usiku. Shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ilikuwa 1/50 ya sekunde huko ndani.

Kwenye diski kuna folda sita: 01_picha, 02_sauti, 03_proksi, 04_mradi, 05_michoro, 06_matoleo. Ndani ya mradi kuna bini (folda za ndani ya programu) sita pia: 00_mama, 10_sehemu, 20_mahojiano, 30_ghafi, 40_sauti, 90_kale. Tarakimu za mbele zinazuia bini zisihamehame kila jina linapobadilishwa.

Wana ni sita, kila mmoja kwa kazi moja ya fundi: s01_mkuku, s02_mataruma, s03_mbao, s04_kalafati, s05_tanga, s06_kushua. Mataruma ni mbavu za mashua, na kalafati ni kuziba nyufa za mbao kwa pamba. Kugawa kwa tarehe ya kurekodi kulifikiriwa kukaachwa. Uwandani, baadhi ya mbao za chini zilishapigwa misumari kabla ya mataruma yote kukaa mahali pake, kwa hiyo kadi ya siku moja ina picha za kazi mbili au tatu. Mtazamaji anafuata kazi, hafuati kalenda. Mgawanyo wa wana ufuate kile mtazamaji anachokifuata, maana ndio mpaka utakaotaka kuusogeza baadaye.

Gharama hadi hapa: diski mbili za nje za terabaiti 2, shilingi 9,500 kila moja, moja ya kazi na moja ya nakala, SSD ya gigabaiti 500 kwa proksi (nakala nyepesi za picha za kuhariria) na faili za muda, 6,800, UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika), 7,200, pakiti za silika za kukausha unyevu ndani ya sanduku la kamera, 600. Silika isidharauliwe hapa Lamu. Hewa ya chumvi hula viunganishi vya nyaya, na lenzi ikishapata ukungu kwa ndani huwezi kuifuta mwenyewe.

15 Januari. Proksi na faili za simu

Faili za 4K kutoka kamera A ni H.264, mbinu ya kubana video, ya megabiti 100 kwa sekunde, takriban gigabaiti 45 kwa saa. Ukubwa wa faili si tatizo. Kinachoichosha kompyuta ni kuifungua kila fremu iliyobanwa kwa kutegemea fremu za jirani zake, na ukipachika sikwensi tatu mzigo huo unajirudia. Proksi za ProRes Proxy (ProRes ni aina ya faili iliyo rahisi kuhariri) kwa 1920 × 1080 ni takriban megabiti 38 kwa sekunde, yaani gigabaiti 17 kwa saa, na kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 16 inazicheza bila kukwama.

Kuunganisha proksi za kamera A kulikataa mwanzoni. Sababu ni idadi ya njia za sauti: kamera ilirekodi njia nne za mono, na proksi zilitengenezwa na njia mbili za stereo. Proksi lazima ilingane na faili asili kwa mambo matatu: fremu kwa sekunde, urefu, na njia za sauti. Ukubwa wa picha na aina ya ubanaji ndivyo vinavyoruhusiwa kutofautiana. Zilitengenezwa upya na njia nne, zikakubali.

Faili za simu zina ugonjwa wao. Simu hurekodi kwa kasi isiyo thabiti: inaandika fremu 30 palipo na mwanga mwingi, inapunguza palipo giza. Kwenye taimulaini sauti inaanza sawa na midomo, kisha inaachana nayo kidogo kidogo, na katika klipu ya dakika kumi tofauti inaonekana wazi. Dawa ni kuzigeuza zote kwa programu ya ffmpeg kabla hazijaingia kwenye mradi:

ffmpeg -i simu01.mp4 -vf fps=25 -c:v prores_ks -profile:v 1 -c:a pcm_s16le simu01.mov

Profaili namba 1 ni ProRes LT, takriban gigabaiti 38 kwa saa kwa 1920 × 1080. Ila kutoka fremu 30 kwenda 25 maana yake ni kutupa fremu moja katika kila sita. Klipu ambayo simu imetulia haidhuriki. Klipu ambayo simu ilizungushwa polepole kuufuata ubavu wa mashua inaruka, na hakuna kichujio kilichoifanya ikubalike. Hizo zimewekwa kando. Kama bado hujarekodi, tumia programu ya simu inayokuwezesha kufunga kasi kwenye 25.

19 Januari. Kupachika kwa mkato, na kwa nini kuliachwa

Jaribio la kwanza lilikuwa kumwaga kila kitu kwenye taimulaini moja, kisha kuchagua klipu za kazi moja, kubofya kitufe cha kulia na kutumia amri ya Nest, inayozigeuza kuwa sikwensi moja iliyopachikwa. Kazi inakwenda haraka mno. Baada ya muda mfupi bini ilijaa majina Nested Sequence 01, 02, 03 na kuendelea, kwa sababu dirisha la jina linapofunguka mkono unabonyeza Enter wenyewe. Kubaya zaidi, baadhi ya hizo zilikuwa na klipu mbili tu, zilizopachikwa kwa ajili ya kuweka athari moja, na zilikaa bega kwa bega na sikwensi zenye dakika nne. Mtu wa pili akifungua mradi hawezi kujua ipi ni sehemu ya filamu na ipi ni ufundi wa muda.

Njia iliyobaki ni hii. Unda mwana akiwa mtupu kwanza, mpe jina na mpangilio wake: 1920 × 1080, fremu 25, sauti ya stereo. Mhariri humo ndani hadi asimame mwenyewe. Ndipo umburute kuingia kwa mama. Ile amri ya mkato ibaki kwa upachikaji wa kiufundi tu, na jina lianze na herufi t: t_tuliza_tanga, t_polepole_tezo. Bini ya 10_sehemu isiingie t hata moja.

Kuna kitufe kidogo juu kushoto mwa taimulaini kinachoamua kama sikwensi ikiburutwa iingie ikiwa nzima au ivunjike iwe klipu moja moja. Kikizimwa kwa bahati mbaya, mwana anamwagika kwa mama kama klipu zake zote, na kuanzia hapo marekebisho ya mwana hayafiki kwa mama. Dalili yake ni rangi: sikwensi iliyopachikwa ina rangi ya kijani tofauti na klipu za kawaida. Ukiona msururu wa vipande vidogo badala ya kipande kirefu kimoja, rudisha nyuma papo hapo, washa kitufe, buruta tena.

24 Januari. Mahojiano ya kamera mbili

Mahojiano na mafundi yamewekwa kama sikwensi za kamera nyingi, na hizo ndizo zinazoingia ndani ya s01 hadi s06. Kwa hiyo kuna ngazi tatu: mama, sehemu, hojiano. Tumekubaliana hapo ndipo mwisho. Ngazi ya nne ikiongezwa, kutafuta klipu moja yenye sauti mbovu kunahitaji kufungua milango minne, na mchezo wa picha unaanza kusuasua.

Kusawazisha kwa sauti kulifaulu ndani ya nyumba na kukashindikana ufuoni. Upepo wa kaskazi ulijaza maikrofoni za kamera zote mbili, kila moja kwa mvumo wake, na programu haikupata cha kulinganisha. Palipokubali, kulitokea kosa jingine lililo gumu kulitambua: kamera B ilisimama karibu na maji, yapata mita kumi na tano kutoka kwa fundi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na fremu moja kwa kasi ya 25 ni milisekunde 40. Katika muda huo sauti inakwenda mita 13 na nusu. Kwa hiyo mlio wa nyundo ulifika kamera B umechelewa fremu moja. Ukiziweka sauti mbili sawasawa, picha ya kamera B inatangulia: nyundo inaonekana imegusa msumari, kisha ndipo mlio unasikika. Katika mazungumzo hutaliona. Katika kazi ya nyundo na tezo (chombo cha kuchongea mbao), jicho linalikamata.

Suluhisho ni kusawazisha kwa picha. Tafuta pigo moja la nyundo lililo wazi katika kamera zote mbili. Sogea fremu kwa fremu hadi ile ambayo uso wa nyundo unagusa kichwa cha msumari kwa mara ya kwanza. Kamera B ina fremu 50, kwa hiyo chagua ya kwanza kati ya mbili. Bonyeza M kuweka alama juu ya klipu yenyewe, si juu ya sikwensi. Fanya hivyo kwa kila kamera. Kwa kinasa sauti, alama iwekwe pale mstari wa sauti unapopanda ghafla kwenye pigo lile lile. Chagua klipu zote, unda sikwensi ya kamera nyingi, na kwenye njia ya kusawazisha chagua Clip Marker. Sauti itumike ya kinasa pekee. Za kamera zizimwe humo humo ndani, zisibaki zikisubiri mtu azifungue kwa makosa.

Hakikisha pia kwamba sikwensi hiyo imeundwa kwa fremu 25. Mpangilio hutokana na klipu iliyochaguliwa kwanza, na ikiwa ni ya kamera B utapata hojiano la fremu 50 ndani ya sehemu ya fremu 25.

31 Januari. Mistari ya mshazari na vipande vilivyohama

Wana sita wako ndani ya mama. Matatizo yote ya hatua hii yana chanzo kimoja: kipande kilicho kwa mama ni dirisha la kumtazamia mwana, na dirisha lina ukubwa wake usiobadilika mwenyewe.

Ukimfupisha mwana, dirisha linabaki refu. Mwishoni mwake panatokea mistari ya mshazari, na picha hapo ni nyeusi. Ni rahisi kuiona na rahisi kuirekebisha: punguza mwisho wa kipande kwa mama.

Ukimrefusha mwana, hakuna onyo lolote. Sekunde tatu zikiongezwa mwanzoni mwa s02, mama anaendelea kuonyesha urefu ule ule, na sekunde tatu za mwisho zinatoweka kimya kimya. Katika s02 zilizotoweka zilikuwa ndizo fundi anaposukuma taruma la mwisho kwa bega likae, na filamu ilitazamwa nzima bila mtu kugundua, kwa sababu mkato ulioangukia hapo ulikuwa safi. Kinga tunayotumia ni alama: kila mwana ana alama nyekundu kwenye fremu yake ya mwisho inayotakiwa. Alama za mwana huonekana juu ya kipande chake kwa mama. Isipoonekana pale mwishoni, kuna kitu kimekatwa.

La tatu ndilo lililogharimu kazi nyingi. Kipande cha s03 kilikuwa kimekatwa mara kadhaa ndani ya mama ili kuingiza picha za bahari katikati. Kisha ndani ya s03 ikaongezwa klipu ya keekee ikitoboa mbao. Kila kitu kilichokuwa mbele ya klipu hiyo kilisogea, lakini mikato kwa mama ilibaki kwenye saa zake za zamani. Matokeo: kila kipande baada ya pale kilionyesha kitu kingine, na jina la kazi lililoandikwa juu ya skrini lilitokea juu ya picha isiyo yake.

Tangu hapo kuna kanuni mbili. Mwana hakatwi ndani ya mama. Picha ya bahari ikihitajika katikati, inaingia ndani ya mwana. Na chochote kinachotegemea fremu fulani ya mwana, kama jina la kazi, jina la chombo cha fundi au mshale, kinakaa ndani ya mwana huyo. Kwa mama kunabaki vinavyohusu filamu nzima: muziki, mvumo wa mazingira unaovuka sehemu mbili, mwonekano wa jumla wa rangi, na mififio kati ya sehemu, yaani picha moja kufifia nyingine ikiingia.

Mififio inahitaji akiba. Mwana akianza na kuishia haswa pale anapoonekana, hakuna picha ya kufifishia. Kila mwana sasa ana fremu 50 za ziada kila upande, na anawekwa kwa mama kupitia dirisha la Source akiwa na alama za In na Out (mwanzo na mwisho) zinazoziacha nje. Unapomrefusha, ongeza katikati au kabla ya akiba ya mwisho, kisha kwa mama vuta mwisho wa kipande kwa Ripple Edit ili sehemu zinazofuata zisukumwe. Kabla ya kuvuta, tazama Sync Lock ya mistari ya muziki. Ikiwa imezimwa, picha zitasogea na muziki utabaki nyuma.

9 Februari. Toleo fupi lililoliharibu refu

Ilitakiwa filamu ya dakika 6 kutoka ile ya 22. Mama alinakiliwa, nakala ikaitwa mama_fupi, na kupunguza kukaanza ndani ya wana. Toleo refu likaharibika nalo.

Kunakili mama hakunakili wana. Mama wawili wanatazama s04_kalafati ile ile, na ukimkata kwa mmoja umemkata kwa wote. Ni jambo zuri unaporekebisha kosa la tahajia katika jina la fundi, maana linasahihika kila mahali kwa mara moja. Ni balaa unapotaka matoleo mawili yenye mikato tofauti.

Kilichookoa ni nakala za hifadhi ambazo programu huziweka yenyewe. Hizo ziwekwe kila dakika 10, kwenye diski tofauti na ile ya mradi. Nakala ya kabla ya kazi hiyo ilifunguliwa kama mradi wa pembeni, na wana sita wakaingizwa kwenye mradi wa sasa kwa Import. Waliingia kama sikwensi mpya, hivyo ilibidi kumrudisha kila mmoja mahali pake kwa mama mrefu.

Utaratibu sahihi wa toleo la pili:

Nakili mama. Nakili kila mwana atakayebadilika, mpe kiambishi: s04_kalafati_fupi. Weka nakala hizo kwenye bini yake, 11_sehemu_fupi. Mchague s04_kalafati_fupi kwenye bini, nenda kwa mama_fupi, bofya kitufe cha kulia juu ya kipande cha s04_kalafati, kisha Replace With Clip na From Bin. Kipande kinashika mahali, urefu na athari zake. Kilichobadilika ni anayetazamwa. Rudia kwa wengine. Ukimaliza, bofya mara mbili kila kipande ndani ya mama_fupi na usome jina linalofunguka. Kikifunguka kisicho na _fupi, simama hapo kabla hujagusa kisu.

Wana wasiobadilika wasinakiliwe. Kunakili kila kitu kwa tahadhari kunaleta hasara nyingine: kosa moja unalisahihisha mara mbili, na mara ya pili husahaulika. Hojiano za kamera nyingi pia zibaki za pamoja, maana usawazisho wake ni mmoja kwa matoleo yote.

14 Februari. Mwendo wa polepole, kutuliza picha, na kukuza

Picha za s06, mashua ikishuliwa, zilirekodiwa kwa kamera B kutoka chombo kingine kilichokuwa kikiyumba. Zilihitaji kupunguzwa kasi na kutulizwa. Warp Stabilizer haikubali klipu iliyobadilishwa kasi. Inatoa bango kwamba viwili hivyo haviwezi kukaa pamoja. Hapa ndipo upachikaji wa kiufundi una haki yake: kimoja kinakaa ndani, kingine nje.

Kipi ndani? Kwa klipu ya fremu 50, kasi ipunguzwe ndani na utulizaji uwekwe nje. Ukiipachika kwanza kwa kasi ya kawaida katika sikwensi ya fremu 25, nusu ya fremu zimeshaachwa, na ukiipunguza kasi ukiwa nje unapewa fremu zilizorudiwa. Maji yanayoruka kutoka kwenye mkuku yanaonekana yakigwaya. Njia fupi zaidi ni kuibadilisha klipu tangu kwenye bini kwa Interpret Footage iwe ya fremu 25: inakuwa nusu ya kasi bila athari yoyote, na utulizaji unakubali bila kupachika.

Tatizo la kukuza lilijitokeza katika s04. Kuna picha ya 4K ya mikono ikisukuma pamba ya kalafati kwenye ufa kati ya mbao mbili kwa patasi butu, nyuzi moja moja zinaonekana. Kipande kilikuzwa kwa asilimia 180 kikiwa kwa mama, na kikawa na ukungu ingawa chanzo ni 4K. Mwana ni wa 1920 × 1080, naye humpa mama picha iliyokwisha kupunguzwa. Nyuzi zilizopotea humo hazirudi. Kukuza kufanyike juu ya klipu yenyewe ndani ya mwana. Humo pia kuna mtego: ukiingiza klipu ya 4K kwa Scale to Frame Size, programu inaipunguza kwanza na kusema ni asilimia 100. Tumia Set to Frame Size, ambayo inaandika asilimia 50 na kuacha nukta zote za picha mikononi mwako hadi 100.

20 Februari. Rangi

Kulinganisha kamera A, B na simu kumefanyika ndani ya wana. Mwonekano wa filamu umewekwa kwa mama, kwenye tabaka la marekebisho juu ya sehemu zote. LUT (faili ya kugeuza rangi) ya kamera A ilikuwa imebaki ndani ya s01 na nyingine iko kwenye tabaka la nje. Vivuli chini ya mashua vikawa vyeusi tititi na mbao zikawa na wekundu wa matofali. Kabla ya kugusa tabaka la nje, lizime na upitie wana wote. Wakionekana sawa bila tabaka, endelea.

25 Februari. Sauti

Mama anapokea sauti ya mwana ikiwa imeshachanganywa. Huwezi, ukiwa kwa mama, kumshusha fundi mmoja na kumwacha mwenzake. Na viwango vinajumlishwa: desibeli 6 zikishushwa ndani na 6 nje, zimekwenda 12. Sehemu mbili zilisikika kama zimerekodiwa chumba cha pili kwa sababu hiyo. Sasa mazungumzo na milio ya kazi vinarekebishwa ndani pekee, na kipimo cha nje kwa kila sehemu ni sifuri.

Kwa mchanganyiko wa mwisho, ambao fundi wa sauti anahitaji klipu zake zote, mama amenakiliwa kuwa mama_sauti. Humo kile kitufe cha kupachika kilizimwa na sehemu zikaburutwa upya, zikamwagika kama klipu moja moja. Nakala hii hufanywa picha ikishafungwa tu, maana haifuati tena mabadiliko ya wana. Lengo ni LUFS -23 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa toleo la televisheni, kulingana na EBU R128, kiwango cha utangazaji cha Ulaya.

Adhana ilihitaji uamuzi. Iko nyuma ya mahojiano mawili ya Matondoni, na ndani ya mji wa Lamu misikiti iko karibu karibu hivyo zinapokezana. Mkato wa mazungumzo unaokatiza adhana katikati ya tamko unasikika vibaya kwa kila mtu wa hapa, na si jambo la kufunika kwa muziki. Adhana imerekodiwa kamili peke yake na kulazwa kwenye mstari wa nje kwa mama, kutoka mwanzo hadi mwisho wake, na mazungumzo yaliyoingiliwa nayo yametolewa au yamehamishiwa kwenye majibu mengine ya fundi yule yule. Toleo fupi limeiacha kabisa, kwani halina nafasi ya kuisikiza yote.

3 Machi. Manukuu

Mafundi wanazungumza Kiamu, lahaja ya Lamu, na watazamaji wa bara wameomba manukuu. Yaliandikwa kwanza ndani ya kila mwana kwenye mstari wa manukuu. Kwa mama hayakuonekana hata moja: mstari huo ni wa sikwensi yake na haupandi ngazi. Majina na maandishi ya michoro yanapanda, manukuu hayapandi. Yametolewa kutoka kila mwana kama faili ya SRT, yakaingizwa kwa mama na kusogezwa kila moja hadi mwanzo wa sehemu yake. Anayeanza sasa ayaandike kwa mama moja kwa moja, baada ya picha kufungwa.

8 Machi. Kutoa faili na kuhifadhi

Kabla ya kutoa, proksi zilizimwa na kila sehemu ikapitiwa kwa faili asili. Faili kuu ni ProRes 422 HQ. Kwa 1920 × 1080 na fremu 25 ni takriban megabiti 184 kwa sekunde, hivyo dakika 22 ni gigabaiti 30. Nakala za H.264 za kutumwa zinatengenezwa kutoka faili hiyo, wala hazitoki kwenye mradi, ili ngazi tatu zisifunguliwe upya kila mara.

s06 ilikwama katikati ya kutoa, kwenye kipande kilichotulizwa. Ilitolewa peke yake kama ProRes, ikawekwa kwa mama kwenye mstari wa V2 juu ya mwana wake, na mwana akazimwa kwa kuondoa tiki ya Enable. Hajafutwa. Marekebisho yakihitajika, anawashwa na faili ya juu inatolewa upya.

Hifadhi imefanywa kwa Project Manager, mama na mama_fupi zikiwa zimechaguliwa pamoja, kwa njia ya Collect Files and Copy to New Location. Ukichagua mama mmoja tu, wana wa toleo la pili na klipu zao hawafuati. Diski ya nakala ilichomekwa kwenye kompyuta nyingine isiyo na faili zozote za mradi, ikafunguliwa, na programu ikadai faili moja: fonti ya majina ya mafundi. Imeongezwa kwenye 05_michoro. Jumla ya vifaa imebaki shilingi 33,600, bila kuhesabu ada ya programu na nauli za boti. Kilichobaki ni mchanganyiko wa sauti wa toleo fupi. Mchanganyiko huo ukirudi kutoka kwa fundi wa sauti, utaingia kwenye mama_fupi, mstari wa A1, na sauti za wana humo zitazimwa.